Nikihamishia seva Dar, Google itanipandisha? Jibu kwa dada wa Moshi

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, tupo Moshi. Tovuti yetu ni ya .co.tz na hosti iko Marekani, Texas. Wageni wetu wengi ni Wajerumani na Waingereza, Wamarekani wachache. Juzi kijana wa kampuni moja ya hosti ya hapa nchini kanipigia, anasema Google inatushusha kwa sababu seva iko nje, nikihamia kwake Dar tutaingia peji ya kwanza ndani ya mwezi. Bei yake ni mara tatu ya ninayolipa sasa. Nihame?"

Nzuri dada, pole na pilika za msimu. Usihame. Au niseme hivi, usihame kwa sababu aliyokupa huyo kijana, maana unaweza ukaja kuhama kweli lakini kwa sababu nyingine na kwenda upande mwingine kabisa, ntafika huko.

Kwanza nimtendee haki kijana, hajaitunga hewani. Zamani tovuti ya .com ilikuwa haina kitu kinachosema ni ya nchi gani, so mitambo ya kutafuta ilikuwa inaangalia IP ya seva, yaani namba ya anwani ya kompyuta iliyobeba tovuti, ikikuta iko Ujerumani inahisi tovuti ni ya Wajerumani. Na hadi leo Google kwenye mwongozo wao wa tovuti za nchi nyingi wameitaja sehemu ilipo seva kama mojawapo ya dalili za tovuti inamlenga nani. Ila hapohapo wanasema sio dalili ya kutegemea, kwa sababu watu wengi wanatumia CDN, yaani seva nyingi zilizotawanywa duniani zinazotunza nakala za tovuti, na wengine wanahosti nchi yenye miundombinu mizuri kuliko kwao. Wauzaji wa hosti wanasoma nusu ya kwanza ya hiyo sentensi halafu wanachukua simu wanaanza kupiga.

Sasa kwako wewe hata hiyo nusu ya kwanza haina kazi. Una .co.tz! Domeini ya nchi ndo dalili nzito kuliko zote kwenye hilo suala, Google ikiona .tz inajua hawa ni wa Tanzania, imeisha. Seva ya Dar itaenda kuiambia Google kitu gani ambacho .tz haijakisema tayari? Ni kama mtu amevaa jezi ya Taifa Stars halafu unamwambia abebe na kitambulisho ili watu wajue anashangilia timu gani.

Halafu swali ambalo ningependa umuulize siku akikupigia tena, peji ya kwanza ya nani? Hakuna peji ya kwanza moja ya dunia nzima. Ukikaa hapo Moshi ukatafuta jina la kampuni yako ukajiona wa kwanza, hiyo ni ya kwako wewe pale ulipokaa. Tangu 2017 Google wanaangalia mtafutaji yuko wapi, hata awe ameandika google.co.tz au google.de, na 2025 wakatangaza kwamba hizo anwani za nchi nchi wanaanza kuzielekeza zote google.com. Mjerumani aliyekaa München anatafuta "Kilimanjaro Machame Route" kwa Kijerumani anapata orodha yake, na kwenye hiyo orodha unashindana na makampuni ya safari ya kwao yenye kurasa za Kijerumani na viungo kibao vya magazeti ya kwao. Seva kuwa Dar haikusaidii hata chembe kwenye hiyo vita. Inaweza hata kukuumiza, na hapa ndo pa kukaa kidogo.

Kwenye hii biashara umbali wa seva unaathiri kitu kimoja cha kweli nacho ni muda. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kama km 200,000 kwa sekunde, unasikia ni nyingi lakini Dar mpaka Frankfurt kwa ndege tu ni karibu km 7,000, na waya haupiti kama ndege, unaingia baharini unapanda Bahari ya Shamu unakatiza Misri unaingia Mediterania. Kwenda na kurudi hata kila kitu kikiwa safi huwezi kushuka chini ya milisekunde mia hivi, na mimi nikipima kiuhalisia mara nyingi napata 150 au zaidi. Sasa simu ya mgeni haiendi mara moja. Inaenda kwanza kugonga mlango "upo?", inarudi, inaenda kukubaliana ile kufuli ya https, inarudi, ndo inaenda kuomba ukurasa wenyewe. Wewe unafanya kazi na wapagazi utanielewa: ni kama umtume mtu toka getini Machame mpaka kambini akaulize kama kuna watu, ashuke, umtume tena akaulize funguo za stoo ziko wapi, ashuke, ndo umtume akalete sufuria. Safari tatu kwa 150 ni 450, karibu nusu sekunde imekatika na mgeni bado hajaona hata herufi moja, na hapo nimehesabu kwamba seva imejibu papo hapo bila kuwaza, kitu ambacho WordPress, mtambo unaoendesha tovuti kama yako, haijawahi kufanya.

So piga picha umehamia Dar. Wewe ukifungua kwa simu yako hapo Moshi utaona inafunguka chap, utafurahi, utampigia kijana umshukuru. Mjerumani wako ataona imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa Texas, maana toka Ujerumani hadi Texas kwenda na kurudi ni kama milisekunde 120 au 130 tu, njia fupi yenye nyaya nyingi. Umelipa mara tatu ili tovuti iwe nyepesi kwa mtu pekee ambaye hawezi kukununulia safari, yaani wewe mwenyewe.

Spidi kweli ina uzito Google? Ina, ila sio kama watu wanavyoitangaza. Waliiingiza kwenye mahesabu mwaka 2010 kwa kompyuta, 2018 wakaongeza kwa simu, 2021 wakaleta hivi vipimo vinaitwa Core Web Vitals. Viko vitatu: kile kitu kikubwa kinachoonekana mwanzo wa ukurasa kitokee ndani ya sekunde 2.5, ukibonyeza kitu ukurasa uitike ndani ya milisekunde 200 (hiki kimewekwa Machi 2024 badala ya kingine cha zamani), na vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hivi havipimwi na roboti, vinatoka kwenye Chrome za watu halisi waliokutembelea, siku 28 za nyuma, na wanataka ziara tatu kati ya nne ziwe ndani ya kiwango. Kwa hiyo ile namba kubwa ya PageSpeed Insights, kipimo cha spidi cha Google, ile ya mpaka 100 ambayo watu wanaipostia screenshot, ni ya maabara tu, ya kukusaidia kutafuta tatizo. Ya watu halisi iko juu yake, na kwako nimeangalia imeandikwa hakuna data ya kutosha, maana tovuti yako haina wageni wengi kihivyo. Sasa kama Google haina hata data ya spidi yako ya kukuhukumia, huyo kijana kajuaje kwamba wanakushusha kwa ajili ya seva?

Na hata ukiwa na alama nzuri zote, spidi ni kitu cha kutofautisha watu wawili waliolingana. Ukurasa wenye jibu la swali la mtu unampita mwepesi usio na jibu, kila siku. Spidi faida yake kubwa ni kwamba mgeni hakimbii kabla hajaona bei.

Nimeifungua tovuti yako jana usiku, samahani sikukuomba ruhusa. Dada, ile slaida ya juu ina picha tano zimetoka moja kwa moja kwenye kamera, kila moja kati ya MB 4 na 6, upana wa pikseli elfu sita, kwa ajili ya skrini ya simu. Ile ya machweo pale Shira ni nzuri sana lakini yenyewe peke yake nimeisubiri mpaka nikaenda kuchemsha maji. Hapo hata seva ungeiweka sebuleni kwa mteja bado angesubiri. Plagini, vile viongezeo vya WordPress, sikuzihesabu zote ila kuna tatu zinafanya kazi moja ya kuonyesha kitufe cha WhatsApp. Na kashe hamna, yaani nakala ya ukurasa iliyo tayari, kila mtu akiingia seva inapika ukurasa upya tangu mwanzo. Nimepima muda mpaka baiti ya kwanza, yaani mpaka kipande cha kwanza kabisa cha ukurasa kifike, nikapata kama sekunde mbili, wakati Google wanashauri isizidi 0.8. Katika hizo mbili, umbali wa Texas toka kwangu hapa Dar haufiki hata moja, inayobaki ni uvivu wa seva yenyewe. So ungehama na uvivu wako wote ungeupeleka Dar.

Sisemi hosti za hapa hazina maana, naomba nisieleweke vibaya maana nina marafiki wengi kwenye hiyo kazi. Kama ungekuwa na duka la spea Kariakoo, au shule inapost fomu, au gazeti linalosomwa na watu wa hapa hapa, ningekwambia hamia nyumbani leo. Makampuni ya intaneti ya hapa yanakutana pale TIX Dar, kituo cha kubadilishana intaneti, Arusha nao wana ya kwao, wanabadilishana data bila kuitoa nje ya nchi, kwa hiyo mtu wa Tabata akifungua seva iliyo Dar safari ni ya milisekunde chache sana. Zamani ilikuwa vichekesho, meseji ya mtu wa Upanga kwenda kwa mtu wa Posta inapanda setilaiti inaenda Ulaya au Marekani halafu inarudi. Wakenya walipofungua ya kwao, KIXP, mwaka 2000, shirika la simu la wakati ule likalalamika, ikafungwa, hadi 2002 ndo ikafunguliwa tena. Leo tunaona kawaida lakini ilipiganiwa.

Na kuna ile ya Mei 12, 2024, nadhani unaikumbuka, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja huko chini baharini intaneti ikawa ya kubembeleza. Siku ile wenye seva Dar na wateja Dar walikuwa na nafuu. Lakini geuza shilingi uangalie upande wako: wateja wako wako Ulaya, na kila mteja wako na roboti wa Google pia wangelazimika kupita nyaya hizohizo zilizokatika ili wakufikie. Ukiwa na seva Ulaya, waya wa huku ukikatika wewe ndo unakosa kuingia kwenye barua pepe siku mbili, lakini mgeni anaendelea kusoma ratiba ya Lemosho siku nane bila kujua kuna kitu kimetokea.

Halafu huyo roboti. Googlebot kwa sehemu kubwa anatembea kwa IP za Marekani. Nina kovu la hili. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasimamia seva ya mteja mmoja anauza vifaa vya umeme, wateja wote wa hapahapa, ikawa inashambuliwa usiku kucha na watu wanajaribu paswedi za WordPress, nikachoka nikafunga Marekani yote na nchi zingine kadhaa kwenye faiwoli. Nikalala vizuri. Wiki ya pili mteja anapiga simu anauliza mbona jina la duka halitokei, naingia Search Console, ile huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti Google inavyoiona, nakuta nyekundu tupu, Google haikuweza hata kusoma robots.txt, lile faili la kumwambia roboti aingie wapi na asiingie wapi, sembuse kurasa zenyewe, kurasa zikaanza kudondoka moja moja. Nilifungua siku hiyohiyo na ilichukua muda zaidi ya mwezi kurudi. Kwa hiyo hosti yoyote utakayokwenda, ya Dar au ya wapi, waulize kabla: mna kawaida ya kuzuia IP za nje? Na uwe unaangalia ripoti ya takwimu za kutambaa kwenye Search Console, ile inayoonyesha seva ilijibu au ilizima. Seva inayodondoka kila umeme ukikatika itakuumiza kuliko seva iliyo mbali. Google akikuta makosa ya 500, yaani seva imeshindwa kujibu, mara kwa mara anapunguza kuja, na yakiendelea siku nyingi anaanza kutoa kurasa.

Kuhusu .co.tz yenyewe kwa wateja wa nje. Ingekuwa unaanza leo ningekushauri .com kwa sababu walengwa wako sio Watanzania, na ile sehemu ya Search Console ya kuchagua nchi unayolenga waliitoa 2022, so huna tena pa kuwaambia. Lakini kwa mtu anayetafuta mlima ulioko Tanzania, kuwa na .tz sio aibu, wageni wengine wanaiamini zaidi wakijua wanaongea na mwenyeji na sio dalali wa huko kwao. Usibadilishe sasa katikati ya msimu. Pesa uliyotaka kumpa kijana mpe mtu anayejua Kijerumani cha kuzaliwa akutafsirie kurasa saba nane za maana: ruti, bei na kinachoingia ndani ya bei, wapagazi wanalipwaje (Wajerumani wanauliza sana hilo), mazoezi, vifaa. Kila ukurasa wa Kijerumani uwe na anwani yake, na uunganishe na wa Kiingereza kwa alama za hreflang, de kwa Kijerumani, en kwa Kiingereza, na ziunganishe pande zote mbili, upande mmoja usipomtaja mwenzie Google anazipuuza. Plagini ya kutafsiri kwa mashine yenyewe kila kitu naiona kwenye tovuti nyingi za safari, inatafsiri mpaka jina la kambi ya Barafu kuwa barafu ya friji.

Bing kidogo ni tofauti, wao wanasema wazi kwamba wanaangalia ukurasa umehostiwa wapi pamoja na lugha na wasomaji wanatoka wapi, lakini sidhani kama ni jambo la kukuhamisha nyumba. Na kama una ndoto za wageni wa China, hiyo ni hadithi nyingine kabisa, kule kuhosti ndani kunataka kibali kinaitwa ICP na ukiwa nje unapita kwenye ule ukuta wao, tutaongea siku ukifika huko.

Sasa cha kufanya. Anza na picha, punguza upana mpaka 1600 hivi, geuza ziwe WebP, aina ya faili la picha jepesi, zile tano za slaida baki na moja, na ile moja ya juu usiiwekee ule mtindo wa kuchelewesha kufunguka, weka kwa zile za chini tu. Toa plagini za WhatsApp mbili. Washa kashe. Halafu weka CDN, Cloudflare ya bure inakutosha, wana vituo Frankfurt na London na hata Nairobi na Mombasa, kwa hiyo picha zako zinakaa karibu na kila mtu. Ila ujue kwa kawaida yake haihifadhi ukurasa wenyewe wa HTML, inahifadhi picha na mafaili, hiyo ya ukurasa lazima uiwekee sheria. Na ukishaiweka, IP anayoiona Google ni ya Cloudflare, sio ya Texas wala ya Dar, so ile hoja ya kijana inakufa rasmi.

Baada ya hapo pima tena. Kama baiti ya kwanza kwa mtu wa Ujerumani bado iko juu ya 0.8, hapo ndo uhame, na uhamie Frankfurt au Amsterdam au London, bei zake zinalingana na unayolipa. Siku ya kuhama shusha TTL ya DNS, yaani muda ambao mitandao inakumbuka anwani ya seva yako, iwe sekunde 300 siku moja kabla, seva ya zamani iache iendelee kuwaka wiki moja au mbili, na hakikisha domeini imeandikishwa kwa jina la kampuni yako na sio la aliyekuuzia hosti, hili liangalie hata kabla ya picha. Na rekodi za MX, hizo za barua pepe, zinakili kabla hujagusa chochote. Nimeshaona mtu anahamisha tovuti vizuri kabisa, inafunguka kama umeme, halafu siku nne nzima maombi ya wageni yanaingia kwenye kasha la barua la seva ya zamani ambalo hakuna mtu anafungua.